Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Usalama wa Kompyuta na Simu za Chama

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea mhazini, na shughuli nyingine zimo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililokula muda mwingi wa kamati tendaji: kuhakikisha sera yetu ya usalama inafanya kazi ndani ya vifaa vyenyewe badala ya kulala kwenye jalada.

Tulianza kwa kuorodhesha vifaa, kazi iliyoonekana ya kitoto, kumbe ndiyo iliyotufumbua macho. Sera ya kompyuta, yaani kanuni za usalama ambazo kila kompyuta hufuata, ilikuwa ikitolewa na seva (kompyuta kuu) ya ofisi. Kompyuta ya Windows iliyounganishwa na seva hiyo huisoma upya kila baada ya dakika 90 hadi 120, lakini kompyuta mpakato za maofisa walioko nje haziifikii. Moja ililetwa kufanyiwa matengenezo ikiwa bado na kanuni za zamani: skrini haijifungi, diski haijasimbwa, yaani data zilizomo hazijafichwa kwa msimbo. Mwenye nayo hakuwa na kosa lolote; maagizo mapya hayakuwahi kufika kwake. Sasa tunasimamia vifaa vyote kupitia intaneti, na kisichotimiza masharti hakifungui barua pepe ya chama hadi kirekebishwe.

Mjadala mkali ulikuwa wa simu. Wengi wetu tunatumia simu zetu wenyewe kwa kazi za chama, na swali likawa: je, mtaona picha zangu? Ni swali la haki kabisa. Kwenye simu binafsi za Android tunatumia wasifu wa kazi, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya simu. Msimamizi hutawala sehemu hiyo, na nje yake anaweza kudai mambo machache tu, kama kufuli la skrini. Simu ikipotea tunafuta vya chama. Picha zako hatuzioni wala hatuzigusi. iPhone nazo zina utaratibu unaofanana na huo.

Sharti la kubadili nywila kila miezi mitatu tumelifuta, ingawa baadhi ya wajumbe walinung'unika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeshauri hivyo tangu 2017, maana mtu akilazimishwa huongeza tarakimu mwishoni, basi. Tunadai nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuthibitisha kwa njia ya pili baada ya nywila, kwa mfano msimbo unaotumwa kwenye simu.

Masasisho ya usalama lazima yawekwe ndani ya siku 14, na kwangu hizo bado ni nyingi. Kirusi cha WannaCry kilienea Mei 2017 ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba pengo kilichopitia, tangu Machi.

Hilo linatuleta kwenye ombi letu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, na baadhi ya kompyuta zetu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 inayotakiwa na Windows 11. Tumezizuia kufungua daftari la wanachama na mifumo ya fedha. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe fungu la kuzibadilisha. Mchanganuo umo kwenye makadirio ya mhazini.