Kwa Nini Mbegu za Miti ya India Hufa Kabla Hazijakufikia

Wateja wengi wanaofika kitaluni kwetu hapa Tanga huja na malalamiko yaleyale: walinunua pakiti ya mbegu za mwarobaini au za msandali, wakazisia katika udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyoiva, wakamwagilia maji asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, na hakuna hata mbegu moja iliyochomoza. Wengine huamini kwamba wao hawana mkono wa kupanda. Tungependa kuwaeleza kwamba mara nyingi kosa si lao wala la udongo wao, kwa kuwa mbegu ilikuwa imekwisha kufa ndani ya pakiti.

Mahindi na maharage yametuzoesha kudhani kwamba kila mbegu hukaushwa, huwekwa ghalani na kungoja mvua. Miti mingi ya misitu ya India haikuumbwa hivyo. Kaskazini mwa nchi hiyo matunda ya mwarobaini huiva kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Bara Hindi, unapoifikishia nchi hiyo mvua zake kubwa. Mbegu huanguka juu ya ardhi iliyokwisha kulowa, na huota mara moja. Kwa kuwa haihitaji kungoja, haina uwezo wa kungoja: ikikaa katika joto la kawaida, hupoteza uhai wake ndani ya wiki chache, ilhali ganda lake linaendelea kuonekana zima na zuri.

Kwa mwarobaini, basi, ushauri wetu ni rahisi, na hauhitaji kutulipa chochote. Mti huu asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, lakini umekwisha kuwa mwenyeji wa pwani yetu, na pengine uko mmoja mtaani kwako. Chuma matunda yaliyogeuka manjano yakiwa bado mtini, yakamue nyama yake ndani ya maji, anika mbegu kivulini siku moja au mbili tu, kisha zisie katika viriba ndani ya wiki hiyohiyo. Katika muda wa wiki moja hadi tatu utaona chipukizi. Tunaomba jambo moja tu: usiupande karibu na msitu wa asili au hifadhi, kwa sababu mwarobaini huenea wenyewe kwa kasi, na katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani umekwisha kuwa mmea vamizi.

Mti unaotuumiza zaidi kichwa ni mwashoka. Karibu kila wiki mtu hutuambia kwamba anao nyumbani, akimaanisha ule mti mrefu, mwembamba kama nguzo, wenye majani yaliyojikunja kingoni, uliopandwa kando ya kuta na barabara za miji yetu na ambao watu huuita mwashoki. Mti huo, Monoon longifolium, nao ni wa kusini mwa India, lakini ni wa jamii ya mstafeli. Mwashoka wa kweli, Saraca asoca, ni wa jamii ya mikunde na uko karibu zaidi na mkwaju. Majani yake machanga huning'inia kama kitambaa laini chenye rangi ya shaba, na maua yake huanza na rangi ya machungwa kisha hugeuka mekundu, yakichanua hata juu ya shina lenyewe. Gome lake limetumika kwa karne nyingi katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hasa kwa maradhi ya wanawake, na ubanduaji wa magome hayo umechangia kuupunguza sana misituni, hata IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeuweka katika orodha ya miti inayokabiliwa na hatari ya kutoweka. Wafanyabiashara wasio waaminifu huchanganya gome la mwashoki na kuliuza kwa jina la mwashoka, kwa hiyo anayebandua mti wa ukutani kwake akitumaini kupata dawa anaharibu mti bure.

Mbegu za mwashoka hazivumilii kukauka. Sisi wenyewe, katika jaribio letu la kwanza, tulipokea mbegu zilizokuwa zimekauka hadi kulia kama kokoto mfukoni, na hatukupata mche hata mmoja. Tangu wakati huo tunaotesha mbegu mbichi tu, chini ya kivuli kizito, na tunamuuzia mteja mche uliokwisha kushika mizizi. Tunajua kwamba mche una bei kubwa kuliko pakiti, lakini hatuwezi kumuuzia mtu kitu tunachojua kwamba hakitaota.

Msandali, Santalum album, una tatizo la namna nyingine kabisa. Mbegu yake hupumzika kiasi cha miezi miwili baada ya kuchumwa kabla ya kuwa tayari kuota, na mche wake, hata ukiota vizuri, hudhoofika ukiachwa peke yake, kwa kuwa mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea mingine na kunyonya humo maji na chumvichumvi. Katika vitalu vya India mara nyingi hupandwa pamoja na mbaazi ndani ya kiriba kimoja, nasi tunafanya vivyo hivyo. Tafadhali usiing'oe mbaazi hiyo ukidhani ni gugu. Ipunguze matawi tu isiufunike msandali, na utakapouhamishia shambani uupande karibu na mvinje. Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India, aliutangaza msandali kuwa mti wa ufalme mwaka 1792, na ni mwaka 2001 tu ambapo sheria ya jimbo la Karnataka ilimruhusu mwenye shamba kuumiliki msandali uliomea katika ardhi yake. Anayetaka faida ya haraka asiuchague, kwani moyo wake wenye harufu hukomaa kwa miaka mingi.

Kwa wenye nafasi ndogo, tulasi inatosha kabisa. Ni ndugu wa mrehani na kivumbasi, na mbegu zake ndogo hunyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa. Giloy, mmea wa India unaotambaa na kutumiwa kama dawa, nayo huota kwa kipande cha shina, lakini hatuiuzi bila kutoa tahadhari, kwa sababu mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Vilevile mafuta ya mwarobaini yasinywewe na watoto wadogo kamwe. Sisi tunauza mimea. Masuala ya tiba muulize daktari.

Kabla ya kuagiza mbegu au vipandikizi kutoka nje, pata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa kuwa udongo na vipandikizi visivyokaguliwa vinaweza kuleta magonjwa. Kwa mwashoka na msandali tunaandika majina ya wateja mapema, kisha tunawapigia simu miche inapofikia urefu wa goti, ili ipandwe masika yanapoanza.