Swahiba, weka bawabu mlangoni

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka Temeke. Sisi hatujambo, mama anakuulizia kila wiki, na mtoto ameshaanza kusimama dede. Ujumbe wako wa juzi nimeuona. Umekabidhiwa fomu ya kusajili wanachama wa SACCOS, masharti ya "if" ya kukagua kila kilichojazwa yamepandana mpaka macho yanauma, na unauliza maktaba ya kukagua data ni ya nini wakati kazi yote umeiandika kwa TypeScript, ile JavaScript iliyoongezewa aina za data (namba, maandishi na kadhalika). Kwenye simu ningekujibu nusunusu, ndiyo maana nimekaa niandike.

TypeScript inakagua ulichoandika wewe, haikagui anachotuma mtu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa JavaScript, ikimaliza kazi inafuta aina zote, na kinachobaki kwenye seva ni JavaScript tupu. Umesema umri ni namba. Mtu akituma neno "thelathini", linapita. Na pale unapopokea data ya JSON kutoka nje ukaandika "as Mwanachama", hujakagua chochote. Umeiapia kompaila tu, nayo imekuamini.

Mimi kukagua data natumia maktaba ya Zod, aliyoianzisha Colin McDonnell mwaka 2020. Joi na Yup zilitangulia na bado wapo wanaozitumia, ila Zod ilinivuta kwa jambo moja: unaandika skima, yaani maelezo ya data inavyotakiwa kuwa, mara moja, kisha z.infer inakutolea aina ya TypeScript kutoka kwenye skima hiyohiyo. Wakikwambia kesho uongeze jina la mrithi, unagusa sehemu moja tu.

Lakini nisikufiche yaliyonipata. Mwaka juzi niliandika mfumo wa bei wa duka moja la jumla. Unajua fomu ya kivinjari hutuma kila kitu kama maandishi, hata bei, basi nikaweka z.coerce.number() iyageuze kuwa namba. Wiki nzima ikafanya kazi vizuri. Jumamosi karani akahifadhi ukurasa bila kujaza bei ya sukari, na JavaScript ukiiambia igeuze maandishi matupu kuwa namba, inakupa 0. Sifuri ni namba halali, skima ikaipitisha. Mifuko ya kilo 50 ikatoka stoo kwa ankara za shilingi 0, na aliyegundua ni mtunza stoo, jioni, akilinganisha ankara na fedha. Sauti yake kwenye simu naisikia mpaka leo. Alikuwa anaogopa watasema ameiba. Nilikwenda usiku uleule kumweleza mwenye duka kwamba kosa ni langu.

Siku hizi bei naipokea kwanza kama maandishi, naondoa nafasi za pembeni, nahakikisha pameandikwa kitu, ndipo naigeuza namba, na mwishoni naweka .positive() ikatae sifuri na namba hasi. Ni mistari michache tu. Jihadhari pia na z.coerce.boolean(): neno "false" likifika kama maandishi linahesabiwa kuwa kweli, kwa sababu si tupu. Zod 4, iliyotoka 2025, imeleta z.stringbool() kwa ajili hiyo.

Sasa fomu yako. Namba ya simu usiifanye namba hata kidogo, sifuri ya mwanzo itapotea. Iache maandishi. Mmoja ataanza na 0, mwingine na 255, mwingine ataweka nafasi katikati. Ndani ya skima zisafishe zote zifike kwenye kanzidata zikiwa na +255 na tarakimu 9 nyuma yake. Namba ya NIDA hakikisha ina tarakimu 20. Kwamba tarakimu hizo ni za huyo aliyesimama dirishani, hilo skima haliwezi kukuambia, kwa hiyo usiwaahidi viongozi wa chama kwamba mfumo "unathibitisha" vitambulisho.

Tumia safeParse, si parse. Parse inarusha kosa na ombi zima linaanguka. SafeParse inakurudishia jibu lenye orodha ya makosa, na kila kosa limetaja sehemu lilipotokea. Hapo naomba usiwe mvivu: andika ujumbe wa makosa kwa Kiswahili, ukae chini ya sehemu husika. Mama aliyetoka sokoni kuja kujisajili akiona "Invalid input" ataondoka, na hatarudi. "Namba ya simu imepungua tarakimu" inamwelekeza cha kufanya.

Na ukaguzi wa kwenye kivinjari usikutoshe. Mtu anaweza kuiruka fomu yako akatuma ombi moja kwa moja kwenye seva, akapachika "cheo" kuwa "admin". z.object hudondosha kimya sehemu ambazo hukuziorodhesha, z.strictObject huzikataa kabisa. Ila hilo litakufaa tu ukihifadhi kile kilichotoka kwenye skima. Wengi wanakagua vizuri, halafu wanahifadhi data ya ombi kama ilivyokuja. Hebu tazama msimbo wako leo hii, nina wasiwasi na ule mstari wa kuhifadhi ulionitumia.

Ukiona ukurasa unakuwa mzito kwenye simu ndogo, jaribu Valibot, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo. Unabeba vipande unavyotumia tu.

Nitumie skima ya fomu yako kabla hamjaifungulia wanachama. Nitaipitia usiku, mtoto akilala. Wasalimie wote nyumbani.

Swahiba wako wa Temeke