Mwanangu, kuhusu yale mabishano ya umri wa kuolewa

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata. Sisi hatujambo. Baba yako yuko na kahawa yake, na bibi yako kule Marangu kila siku anauliza utakuja lini. Nakuandikia kwa sababu ya maneno ya Krismasi. Shangazi yako ameniambia tangu siku ile hupokei simu za baba yako mdogo. Kwa simu tungekatizana, nami nataka unisikilize mpaka mwisho.

Msimamo wako ni wangu pia, na nitausema popote: msichana wa miaka 15 ni mtoto, asiolewe. Lakini siku ile ulimwambia baba yako mdogo mbele ya ndugu wote kwamba anauza watoto. Hajauza mtoto yeyote. Alichosema, ukikumbuka vizuri, ni kwamba binti akishapata mimba bora aolewe kuliko kuzaa mtoto asiye na kwao. Anayesema hivyo alimwona shemeji yake akifukuzwa shule, akajifungua, na mwanaume aliyempa mimba asionekane tena. Nyumbani kwao watu walinyamaza, shuleni hakuwa na pa kurudi. Ndoa ndiyo kinga pekee aliyoijua. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kutukanwa.

Ijibu hofu yenyewe. Mwambie tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shule, kwa hiyo kuzaa si mwisho wa masomo tena. Mwambie tangu 2016 sheria imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na kumwoa mwanafunzi nako ni kosa la adhabu hiyo hiyo. Ndoa anayoiona kinga inaweza kumfikisha mtu gerezani. Halafu muulize kwa upole: mwanaume aliyemkimbia binti akiwa na mimba, akilazimishwa kuwa mume, atamtunza? Ukishauliza, nyamaza. Mwache atafute jibu mwenyewe.

Na uijue sheria kuliko wanaoipigia kelele. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na cha 17 kikataka ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Waliotunga usiwafanye waovu. Walikuwa wanakusanya ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za bomani chini ya sheria moja, na sheria hiyo hiyo ndiyo inayosema mume hana haki ya kumpiga mke. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Kwenye umri ndipo walipomwacha msichana nyuma. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, akafungua kesi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikaona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hoja za serikali zilikuwa za mila, za dini, na hii hii ya baba yako mdogo. Majaji walizipokea kama hoja, wakazijibu kama hoja. Hivyo ndivyo ninavyotaka ubishane.

Kuna moja ambayo hupaswi kuipita haraka, ya mama jirani yetu hapa Majengo. Anasema dini yake inapima ukomavu kwa balehe, na inamuuma kuona mambo ya imani yake yakiamuliwa na watu wasioijua. Mabinti zake wote wamemaliza kidato cha nne kabla ya kuolewa. Kinachomuuma, basi, ni nani amepewa haki ya kuamua. Mimi Mlutheri siwezi kumfundisha Uislamu. Nilimwambia tu kwamba Moroko iliweka miaka 18 mwaka 2004 na Indonesia ikaweka 19 mwaka 2019, ingawa hakimu bado anaweza kutoa ruhusa, na waliobishana huko ni Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Hakukubaliana nami, ila alitaka kujua zaidi juu ya Moroko. Tuliongea mpaka adhana ya magharibi.

Bibi yako anasema ukija Pasaka atakukatia jani la sale umpelekee baba yako mdogo. Unajua kwetu Uchagani anayekuja na sale kuomba radhi harudishwi mlangoni. Utaomba radhi kwa lile neno moja. Hoja yako usiipunguze hata kidogo, kwa maana binti yake anamaliza darasa la saba mwaka huu, na amekuwa akiniuliza kama ni kweli dada yake hatakuja tena nyumbani kwao.

Nauli nitakutumia Ijumaa.

Mama yako