Wiki sita tuliambiwa ni ndugu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba watu wanaokaa pamoja kujadili filamu zenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja wanaharibiana, na kwamba wenyeviti wa mitaa wawafuatilie. Mimi ni mmoja wa watu hao. Ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, nina miaka 46 na watoto watatu. Naomba nafasi nieleze tunachokifanya.

Tuko wanawake watano na mwanamume mmoja, mwalimu. Tunakutana Jumapili jioni kwenye chumba changu cha kushonea, vyerehani vikishafunikwa. Mwezi huu wa saba baridi ya Mbeya haina mzaha, kwa hiyo jiko la mkaa linakaa mlangoni na sufuria ya chai ya tangawizi juu yake, na mama mmoja anayeuza viazi Uyole huja na vya kuchemsha. Muvi tunajaziwa kwenye flashi. Nyingi ni za kutafsiriwa, maana si wote tunaosikia Kiingereza.

Tulifuatilia tamthilia moja ya ng'ambo kwa wiki sita. Ndani yake wamo wanaume wawili wanaokaa nyumba moja. DJ anayetafsiri alitutambulisha tangu mwanzo: huyu kaka, huyu mdogo wake. Tukaamini. Ikafika sehemu mmoja anasafiri, na mwenzake anamfunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, taratibu, na cha mwisho anabaki amekishika tu. Mimi nashona makoti. Naujua mkono wenye haraka na naujua mkono usiotaka kumaliza kazi. DJ akasema, "Nenda mdogo wangu, katafute maisha." Mwalimu akasema kwa sauti ya chini: hakusema hivyo. Hawa ni wapenzi, na walikuwa wapenzi tangu sehemu ya kwanza.

Chumba kikanyamaza. Kisha mama wa viazi, ambaye ndiye mkubwa wetu na hakosi ibada, akauliza, "Kwa hiyo wiki sita nimemlilia mtu nisiyemjua?" Hasira yake ilikuwa kwa DJ. Mwenzetu mmoja akamtetea DJ kwamba amelinda watoto na imani za watu. Mwingine akamjibu: kama hataki kuieleza, asiitafsiri kabisa, kuliko kuchukua hela za watu na kuwapa hadithi nyingine. Tulibishana hadi saa nne usiku, na mimi nikaishia upande wa huyo wa pili. Naona hivyo hadi leo. Mtafsiri ni kama mtu uliyemtuma salamu. Akigeuza maneno njiani, hakukosei wewe peke yako, anamkosea na aliyetumiwa.

Tangu siku ile tukaanza kuwatazama wahusika wa namna hii kwa makini. Mwalimu alitueleza kwamba Marekani, kuanzia mwaka 1934 hadi 1968, kampuni za filamu zilifuata Kanuni ya Hays, iliyokataza mapenzi ya jinsia moja yasionyeshwe. Waandishi wakawapitisha mlango wa nyuma: mhusika akawa adui, au kichekesho, au akafa kabla muvi haijaisha. Kanuni ilifutwa, mazoea yakabaki. Ukitaka kujua, anza kuhesabu. Sisi tulihesabu kwa muvi tulizokwisha kuona, na wengi wao hawakufika mwisho wakiwa hai.

Hapa jirani, Kenya, mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu ya "Rafiki", kuhusu wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanagombea uchaguzi. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na ilipigwa marufuku kwao. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilitaka abadili mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliiachia kwa siku saba, na watu wa Nairobi wakajaa kumbi. Jina lenyewe Kahiu amelielezea: watu wa jinsia moja wanaopendana, wakimtambulisha mtu nyumbani, humwita rafiki tu. Tuliposikia hilo tuliangaliana. DJ wetu alisema kaka, wao wanasema rafiki. Lakini rafiki wamelichagua wenyewe.

Na zipo zetu. Vichekesho vya nyumbani vina yule mwanamume aliyejifunga kitenge, sauti nyembamba, kiuno hakitulii. Akitokea tu, watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Siku moja tulikuwa tunacheka hivyo, na mwenzetu mmoja akainuka akaangalie chai. Chai ilikuwa haijachemka. Alikaa nje kwenye baridi hadi nikamfuata na shuka. Akaniambia mdogo wake alikuwa akitembea hivyo, bila kuigiza, tangu akiwa shule ya msingi. Watoto wa mtaani walimwita kwa jina la yule wa kwenye video. Alipofika miaka 19 aliondoka, na simu yake haipatikani. "Wala hawakuwa wabaya," alisema kuhusu wale watoto. "Walishazoea kwamba pale panachekwa."

Tumemfahamu miaka kumi na moja, hajawahi kumtaja mdogo wake. Alimtaja siku ile kwa sababu tulikuwa tumeshaanza kuyazungumza haya. Namwomba msomaji mwenzangu aniambie ni nani aliyeharibika pale mlangoni kwangu.

Dini zetu tunazo, wawili kati yetu ni wanakwaya, na sheria ya nchi tunaijua. Hatukubaliani hata sisi wenyewe, wapo wanaoona ni dhambi na wanasema hivyo mbele ya wenzao. Ninachoomba ni viwili. Watafsiri watuambie kilichosemwa, alama ya umri iwekwe kwenye kava kama ni ya watu wazima. Na watu wazima wakizungumza juu ya walichokitazama, waachwe.

Ile tamthilia tumeirudia Jumapili iliyopita, bila DJ. Mwalimu alikaa karibu na televisheni akatueleza maneno yao mstari kwa mstari, akikosea anarudi. Ilipofika pale pa koti, mama wa viazi akasema rudisha. Tukarudisha mara mbili.

Wenu msomaji,
Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya