Vita vya Msumbiji: andikeni pia habari za unga na chumvi

Mhariri,

Kila ifikapo Septemba 25, siku FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoanza mapambano ya silaha dhidi ya wakoloni wa Kireno mwaka 1964, magazeti hutaja makamanda na bunduki. Chakula hakitajwi. Sisi walimu wa historia hapa Tabora tunaomba kitajwe, kwa sababu hesabu ya mpagazi ndiyo iliyoamua vita vile vipiganwe vipi.

Hesabu hiyo Wanyamwezi waliijua tangu enzi za misafara. Mtu hubeba kilo 30 hivi, na akiwa safarini na mzigo hula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Tuseme anavuka mto Ruvuma kuingia Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, siku 10 kwenda na 10 kurudi. Akibeba unga mtupu, atafikisha kilo 10 tu, nyingine kaila mwenyewe. Akibeba risasi zitafika zote, mradi alishwe njiani. Basi silaha zikavuka mto vichwani mwa watu, wakiwemo wanawake wengi (kikosi chao kiliundwa mwaka 1967), ila chakula ilibidi kilimwe hukohuko.

Ndiyo maana Wareno walichoma mashamba na kuwahamishia wanavijiji kwenye makazi yenye ulinzi. Mahindi ya ghalani huteketea kwa kiberiti kimoja. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, ukang'olewa kidogo kidogo. Taabu ni ule mchungu: umenywe, ulowekwe siku tatu au nne, uanikwe, ndipo utwangwe. Watu wanaokimbia hawana siku hizo, na sumu inayobaki huweza kupoozesha miguu.

Chumvi nayo hailimwi. Ilitoka Tanzania pamoja na sabuni, nguo na majembe, na malipo yake yalikuwa korosho, ufuta na karanga za maeneo yaliyokombolewa, zilizobebwa kichwani hadi huku kuuzwa. Hili tunalisisitiza: mkulima aliyekosa chumvi na jembe hakuwa na sababu wala uwezo wa kulima ziada, na ziada hiyo ndiyo iliyomlisha mpiganaji.

Waliobeba mizigo ile sasa ni wazee sana. Waandishi wenu wa Mtwara na Ruvuma wawatafute mapema, wawaulize walipika saa ngapi ili ndege zisione moshi, mbegu zilifichwa wapi, chumvi ilipimwa kwa kipimo gani, na nani aliyegawa.

Walimu wa historia,
Tabora