Vyombo vya gamelani visifungiwe stoo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Niko kwenye kundi la gamelani ya Java hapa chuoni, yaani ule muziki wa Indonesia wa vyombo vingi vya kugonga, nilianzia saron, ile ya vyuma vilivyopangwa, mkono wa kulia unagonga kwa nyundo ya mbao huku wa kushoto unabana chuma ulichotoka kugonga ili kinyamaze, ukichelewa tu sauti zinaingiliana, aisee nimehangaika nayo wiki kibao. Viatu tunavua na chombo hakirukwi hata uwe na haraka vipi. Raha yake ni kusikilizana, wote tunausubiri upatu mkubwa ufunge mzunguko. UNESCO waliitambua gamelani kuwa urithi wa utamaduni 2021, halafu chuo kimoja nilichopita vyombo vimefungiwa stoo. Wavitoe jamani, wanafunzi wapige!