Si kila mtu ofisini ni avoka

Bwana Mhariri,

Familia nyingi za Bukavu zenye ndugu Marekani hudhani kila anayefanya kazi katika shirika la kutetea wahamiaji ni avoka, yaani mwanasheria. Wamo pia wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya kule: mwenye idhini kamili husimama hata mbele ya jaji wa uhamiaji, mwenye idhini ya sehemu huishia kwenye idara ya uhamiaji. Anayejiita "notario", yaani mthibitishaji wa hati, hana mamlaka hayo, hata akidai pesa nyingi.

Ombi la hifadhi, fomu I-589, kwa kawaida hupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu mtu aingie nchini. Hapo karatasi za huku kwetu huleta shida. Cheti cha kuzaliwa kinapigwa picha upande mmoja, mhuri wa nyuma unaachwa. Postnom, yaani jina linalofuata jina la ukoo, iko kwenye cheti, kwenye kadi ya mpiga kura haipo. Tafadhali, msirekebishe kwa kalamu! Tumeni zote kama zilivyo; tofauti ataieleza avoka. Kila karatasi ya Kifaransa itafsiriwe yote kwa Kiingereza, mihuri pia, na mtafsiri asaini kwamba lugha anazijua na tafsiri ni sahihi.

Mwenye kesi mahakamani akihama nyumba, ajaze EOIR-33, fomu ya kuijulisha mahakama anwani mpya, ndani ya siku 5 za kazi. Wito ukienda anwani ya zamani naye asifike, jaji anaweza kuamuru afukuzwe nchini bila kumsikiliza.

Wasomaji wenu,
Kadutu, Bukavu